CV yako isikufungie mlango



Wiki iliyopita mmoja wetu alikuja kwenye mkutano na uso wa huzuni. Aliomba kazi ya kutunza depo katika shirika moja hapa Bukavu. Kazi anaijua, lakini hakuitwa. Tulipofungua CV yake tuliona kurasa 6, na juu yake namba ya telefone ya zamani isiyoshika tena. Hata kama walimtaka, wangempata wapi?

Tulikaa naye, tukaipanga upya. Haya ndiyo tuliyofanya.

Kwanza tulipunguza. Kurasa 2 zinatosha. Juu kabisa: jina, mtaa, telefone na email. Namba iwe yako mwenyewe, si ya bwana wala ya jirani, na email iwe na jina lako, si jina la mchezo.

Pili tuligeuza mpangilio. Yeye alianza na shule ya msingi; kazi yake ya mwisho ilijificha ukurasa wa 5. Anayesoma ana fungu kubwa la makaratasi mezani, hatafika huko. Tulianza na kazi ya karibuni tukarudi nyuma, kila moja na mwezi, mwaka, mahali na alichofanya. Kisha masomo, kisha luga: Kifaransa, Kiswahili, Mashi, na kiasi anachojua kila moja.

Hapo tulibishana kidogo. Alisema, «Miaka minne sikufanya kazi, niliuza maharagwe tu Kadutu.» Hapana, mama! Aliyenunua magunia, akaandika madeni kwenye daftari na kutunza sanduku la AVEC, huyo anajua kuhesabu na kulinda mali ya watu. Tuliandika yote hayo, pamoja na miaka yake. Lakini hatukuongeza hata neno moja la uongo, maana siku ya kuulizwa maswali uongo unajitoa wenyewe.

Tatu tulisafisha sura yake. Aina moja ya herufi, ukubwa wa 11 au 12, vichwa vilivyokolezwa, nafasi kati ya sehemu. Maua na rangi tulitoa. Idadi ya watoto, dini na picha pia, kwani tangazo halikuziomba.

Aliuliza kama aweke barua ya ruhusa ya bwana. Kanuni ya Familia ya 1987, katika kifungu 448, ilimdai mke ruhusa hiyo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha kifungu hicho: sasa bibi na bwana wanapatana. Ni vizuri kuzungumza nyumbani, lakini barua ya ruhusa si karatasi ya dosie.

Nne, kabla ya kutuma, tuliibadilisha kuwa PDF. Usipofanya hivyo, mistari uliyoipanga vizuri inaweza kuvurugika kwenye ordinateri ya mwingine. Faili tuliipa jina lake na jina la kazi. Usiiite «CV mpya», maana wengine mia wanaiita hivyo.

Mwisho, tusome tangazo mara mbili. Wakiomba karte ya ONEM, diploma au barua ya kuomba kazi, ziweke zote. Wakiomba majina ya watu watatu wanaokufahamu, waombe ruhusa kwanza, wasishtuke wakipigiwa. Na mtu akikudai franka ili dosie yako ipite, kimbia: kazi ya kweli hainunuliwi.

Mwenzetu amekwisha kutuma dosie yake kwa tangazo lingine. Jibu halijafika, lakini safari hii telefone yake iko wazi na mkononi.

Wewe mwenye CV iliyolala sandukuni, ilete kwenye mkutano ujao. Tutaisoma pamoja, na hatutachekana.