Goti la Mtoto na Kalenda ya Mashindano

Mwalimu wa michezo mkoani Njombe, awe Makambako barabarani au Matamba kwenye miteremko ya Kitulo, huwa na wiki chache tu za kuandaa timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, au UMISSETA, yale ya sekondari. Kwa haraka hiyo huwachukua wenye miili mikubwa, kisha wote huwapa mazoezi ya aina moja: mbio za kilima, kuruka, mechi kila jioni. Naona kosa linaanzia hapo. Darasa analosoma mtoto na mwaka ulioandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa havituambii mwili wake unaweza kubeba nini. Kinachotuambia ni kasi anayorefuka nayo msimu huu.

Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa kabisa wakiwa na miaka 12 hivi, wavulana wakikaribia 14, na katika mwaka huo mmoja mtoto anaweza kuongeza sentimita 8, 9 au zaidi. Mfupa hukimbia mbele, misuli na kano zikafuata nyuma zikiwa zimevutwa. Kano kubwa ya paja imejishikiza juu ya ugoko, chini kidogo ya pia ya goti, mahali ambapo kwa mtoto anayekua bado pana gegedu laini. Kila anaporuka au kupiga mpira, gegedu hilo huvutwa. Ndiyo maana mahali hapo huvimba, huuma, na kubaki na kinundu. Madaktari Osgood wa Boston na Schlatter wa Zürich walilieleza tatizo hili mwaka 1903, kila mmoja kivyake, lakini bado viwanjani mtoto anayelilalamikia huambiwa ni mvivu. Isitoshe, mfupa hurefuka kwanza na kukomaa baadaye, hivyo kuna miezi ambayo mkono huvunjika kwa anguko la kawaida tu. Hata ufundi hupotea kwa muda: aliyekuwa akiutuliza mpira vizuri anaanza kujikwaa, kwa sababu miguu anayoitumia si ile aliyoizoea mwaka jana.

Kwa Njombe jambo hili lina uzito wa pekee. Mkoa unaolima mahindi, viazi, maharage na maparachichi, na kukamua maziwa, ulikutwa na udumavu wa takriban asilimia 50 kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika utafiti wa taifa wa afya wa 2022, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Utafiti wa 2015-16 nao ulikuta karibu nusu. Mtoto aliyekuwa na miaka 4 wakati ule sasa yuko kwenye umri wa kubalehe, na lishe duni ya muda mrefu huchelewesha balehe. Basi katika darasa moja la saba anaweza kukaa msichana aliyekwisha kuvunja ungo karibu na mvulana ambaye mwili wake utasubiri miaka miwili au mitatu zaidi. Kuwapa mzigo mmoja ni kumwonea mmoja wao, na mara nyingine wote wawili.

Wapo watakaosema watoto wa milimani ni wagumu: wanapanda vilima kwenda shule, wanateka maji, wanalima. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuihesabu kazi hiyo pia. Goti halitofautishi kilima cha kwenda shule na kilima cha mazoezi, wala ndoo ya maji na zoezi la kocha. Wengine wataogopa kwamba tahadhari hii itawaondoa watoto uwanjani. Hiyo ingekuwa hasara kubwa, maana mfupa unaokua huimarika kwa kufanyishwa kazi. Kinachotakiwa ni kubadilisha kazi yenyewe. Futi kamba ya fundi cherehani na alama ukutani vinatosha: mtoto apimwe asubuhi, bila viatu, kila baada ya miezi 3, na kimo chake kiandikwe daftarini. Akiongeza sentimita 2 au zaidi, yumo kwenye kasi. Apunguziwe kuruka, mbio za kuteremka na mechi za mfululizo; aongezewe mizani ya mwili, pasi, mazoezi ya nguvu kwa uzito wake mwenyewe, usingizi, na chakula kisicho ugali na viazi peke yake: maharage, dagaa, yai, maziwa. Maumivu yanayomwamsha usiku, au kuchechemea kusikoisha, ni ya kupelekwa hospitali.

Hoja ngumu zaidi ni ya kombe: shule pinzani haitapunguza mazoezi. Huenda mwaka huu mwalimu mwangalifu akapoteza mechi. Lakini wakimbiaji wetu wakubwa walishinda wakiwa watu wazima: Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 akiwa na miaka 20, Juma Ikangaa akashinda New York Marathon mwaka 1989 akiwa na 32, na Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo mwaka 2025 akiwa na 33. Mvulana mfupi anayeachwa leo kwenye mchujo wa kata huenda bado hajaanza kurefuka, na jina lake lingefaa libaki kwenye daftari lile lile la vimo, aendelee kuitwa mazoezini.