Kibanda cha Kupulizia Rangi Pikipiki Nyumbani

Mtu yeyote aliyepita Tabaka analijua vumbi letu. Si lile jekundu la barabara peke yake. Kuna lile jeupe la mawe laini, linalotoka machimboni na kwenye vibanda vya wachongaji, likaenda kukaa juu ya majani ya migomba, juu ya mabati na juu ya nguo zilizoanikwa. Sisi wa hapa tumelizoea. Lakini kuna kazi moja isiyopatana nalo hata kidogo, nayo ni kupulizia rangi.

Jambo hili tulifundishwa na kikundi kimoja cha vijana tunachokitembelea. Wengine wao ni waendeshaji wa bodaboda, wengine ni wachongaji. Wale wachongaji wana mkono wa kuchora. Anayeweza kuchora twiga juu ya sahani ya jiwe iliyotiwa rangi hashindwi kuchora tai juu ya tangi la pikipiki. Wakasema, kwa nini pikipiki zetu zipelekwe mjini Kisii kupakwa rangi na sisi tuko hapa? Wakachanga pesa za merigoraundi, wakakodisha kompresa, wakaanza kazi kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya mwenzao mmoja.

Tangi la kwanza lilitoka kama mandazi yaliyonyunyiziwa sukari. Vumbi lilikuwa limetua juu ya rangi mbichi. Tukawashauri wafunge dirisha, wazibe nyufa zote kwa magazeti na matambara. Ndiyo, ushauri huo tuliutoa sisi wenyewe, na ni lazima tuukiri. Tangi la pili lilitoka safi, lakini kijana aliyelipaka alitoka akipepesuka, kichwa kikimgonga, na mama wa nyumba akalalamika kwamba mtoto mchanga katika chumba cha pili amekohoa usiku kucha. Tulikuwa tumezuia vumbi lisiingie, na wakati huohuo tumezuia sumu isitoke.

Hapo ndipo kiini cha kazi hii kilipo. Kibanda cha rangi kina kazi mbili zinazovutana: kuzuia vumbi lisiingie, na kutoa mvuke wa rangi na thina haraka iwezekanavyo. Hewa lazima iingie upande mmoja ikiwa imechujwa, ipite juu ya kitu kinachopakwa, itokee upande wa pili. Ukikumbuka hilo, mengine ni mbao na misumari.

Kibanda chenyewe

Kwanza, kisiwe ndani ya nyumba wanamolala watu, wala kisipakane na jikoni. Tafuteni mahali kwenye boma palipo mbali na moto, tuseme hatua ishirini au zaidi, na mbali na kibanda cha kuchonga mawe. Nyasi zilizo hai kandokando ni nzuri, maana hazitoi vumbi kama udongo uliofagiliwa.

Huhitaji kibanda cha kuingiza pikipiki nzima. Pikipiki inafunguliwa, na kinachopakwa ni tangi, vifuniko vya pembeni na madigadi. Kibanda cha mita mbili kwa mita mbili na nusu, chenye kimo cha mtu kunyoosha mikono juu, kinatosha. Fremu ni mbao za mbili kwa mbili, au hata miti ya mkaratusi iliyonyooka. Kuta ni karatasi za nailoni nyeupe zinazopitisha mwanga. Paa tunashauri liwe na mwinamo mzuri, kwa sababu mvua ya huku haina mchezo, na nailoni iliyolala hujaa maji kama beseni na kuanguka. Mwenye mabati mawili matatu ayatumie. Mlango ni vipande viwili vya nailoni vinavyopandana.

Sasa hewa. Kwenye ukuta mmoja, upande wa juu, acheni dirisha la mita moja kwa mita moja. Likazieni kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kwa mfano leso kuukuu. Godoro la sponji halifai, hewa hupita kwa shida. Nje ya dirisha hilo wekeni feni, ikitazama ndani, na kati ya feni na kitambaa jengeni mdomo wa makatoni unaopanuka, ili upepo wa feni usambae juu ya kitambaa chote badala ya kutorokea pembeni. Kwenye ukuta wa pili, unaotazamana na huo, acheni nafasi chini kabisa, ya urefu wa goti na upana wa ukuta mzima. Mbona chini? Kwa sababu mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, unatambaa sakafuni kama maji. Mtu anayetoboa tundu darini tu hajasaidia sana.

Tena, feni isiwekwe upande wa kutokea hewa. Tumeona watu wakifanya hivyo, na inaonekana ni busara, feni ivute ile hewa chafu. Lakini feni ya kawaida ya nyumbani ina mota inayoweza kutoa cheche, na mvuke wa thina hushika moto kwa cheche ndogo tu. Feni isukume hewa safi, isiguse hewa chafu. Upepo wa nje ukigeuka na kuanza kurudisha mvuke kwenye feni, acheni kazi, mwende mkanywe chai.

Kujua kama hewa inatembea, fungeni nyuzi za sufi au vipande vya karatasi ya chooni kwenye nafasi ya chini. Vikipepea kuelekea nje, ni sawa. Vikining'inia tu, ongezeni ukubwa wa nafasi au badilisheni kitambaa, pengine kimeziba kwa vumbi. Upande huo wa kutokea mnaweza kuning'iniza gunia jepesi linase matone ya rangi, lakini libadilishwe mara kwa mara, kwa maana gunia lililokauka na rangi ni kama utambi.

Nusu saa kabla ya kupulizia, mwagieni sakafu maji kidogo na mfute kuta kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi lililoloa halirukiruki. Mpaka rangi avae nguo safi. Yule aliyetoka kuchonga asiingie na koti lake la kazi.

Moto

Hapa hatutafanya haraka, mtuwie radhi. Ndani ya kibanda hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna taa ya mafuta, hakuna balbu, wala simu mfukoni. Mwanga wa mchana unatosha. Kompresa ikae nje, mbali na nafasi ya kutokea hewa, na ipate umeme kutoka kwenye soketi ya ukutani. Waya mwembamba wa kuunganisha vyombo vingi huchemka na kuyeyuka.

Tangi la petroli limwagwe mahali pa wazi, kisha lioshwe kwa maji na sabuni mara kadhaa na kuachwa wazi hewani. Tangi lisilo na petroli si tangi salama. Mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka, kuliko hata petroli yenyewe. Na msikaushe rangi kwa kuweka tangi karibu na jiko la makaa, hata siku ya baridi, hata mteja akisimama mlangoni akitazama saa.

Wekeni ndoo ya mchanga karibu. Thina ikiwaka, maji huisambaza, mchanga huifunika. Matambara yenye rangi yasirundikwe pembeni. Yatieni kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko, au yaanikwe moja moja nje hadi yakauke.

Na akina mama, tunaomba mkague hili wenyewe: thina isiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi. Ikae kwenye kopo lake, imefungwa, juu, penye kufuli. Mtoto akiinywa, msimtapishe, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na lile kopo. Mabaki msiyamwage kwenye mto. Maji yetu huteremka hadi Mto Gucha, na wengi huko chini wanayachota. Acheni mabaki yatulie kwenye kopo, rangi ikae chini, thina ya juu itumike tena kuoshea bunduki.

Rangi gani?

Swali hili ndilo lililowagombanisha vijana kuliko yote, na haki walikuwa nayo, kwa kuwa hakuna jibu lisilo na gharama.

Rangi ya kuchanganya na kigumishi, ile mafundi huiita ya hadina, ndiyo inayong'aa na kustahimili petroli. Lakini hiyo hadina ina kemikali iitwayo aisosianeti. Ikipuliziwa na kuvutwa, inaweza kumletea mtu pumu, na mapafu yakishaizoea vibaya, hata kiasi kidogo baadaye kinaweza kumziba pumzi. Harufu yake haitoshi kukuonya. Barakoa ya kitambaa au ya karatasi haiizuii. Kinachotakiwa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, na chumba chenye mitambo yake. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: hadina haipuliziwi kwenye kibanda cha nyumbani. Vijana wawili hawakutupenda siku hiyo.

Zinabaki mbili. Ya kwanza ni ile ya NC inayochanganywa na thina tu. Inakauka kwa dakika chache, kwa hiyo vumbi halipati nafasi kubwa, na ni nzuri kwa michoro. Ubaya wake ni kwamba petroli huiyeyusha. Matone machache ya mtu wa kituo cha mafuta, na yule tai wako amepoteza bawa. Ya pili ni rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya milango ya chuma. Ikishakomaa, huvumilia petroli kidogo kuliko NC, ijapokuwa lililomwagika lifutwe papo hapo. Lakini inachukua saa nyingi kukauka, na saa zote hizo vumbi linaitafuta.

Kikundi kiliamua hivi: madigadi na vifuniko kwa NC, tangi kwa rangi ya mafuta, likiachwa limening'inia ndani ya kibanda hadi kesho yake, milango ya nailoni imefungwa na nafasi za hewa zikiwa wazi. Tangi hilo halitiwi petroli kwa majuma mawili au zaidi, na mteja anaambiwa mapema. Vifuniko vya plastiki vina praima yake; bila hiyo rangi hubanduka kama ganda la kitunguu.

Kwa rangi hizi mbili, barakoa ya mpira yenye vichujio vya makaa pembeni ni ya lazima. Barakoa tulizozoea tangu korona ya 2020 hunasa matone tu, mvuke hupita. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, kichujio kimekwisha au barakoa haijakaa vizuri usoni. Vaeni miwani na glavu pia.

Msasa, na siri ya akina mama

Kusugua rangi ya zamani vijana walianza kukavu, na kujitilia vumbi jingine. Rangi kuukuu inaweza kuwa na risasi ndani yake, sumu mbaya kwa watoto. Mama mmoja msugua mawe aliwatazama akacheka. Je, sisi hatusugui mawe yetu ndani ya beseni la maji siku zote? Msasa wa maji, maji tele, kutoka mkwaruzo mkubwa hadi mdogo. Tangu siku hiyo kazi ya kusugua wamepewa akina mama wawili, kwa malipo, nao wanaifanya vizuri kuliko wale vijana.

Ila kuna mtego. Mikono inayong'arisha mawe mara nyingi ina nta au polishi. Nta kidogo juu ya chuma, rangi inajikunja na kuacha vishimo vidogo kama macho ya samaki. Mikono ioshwe kwa sabuni, matambara yawe ya kazi hii tu.

Kupulizia kwenyewe ni mazoezi. Fanyeni kwanza juu ya bati kuukuu. Bunduki iwe umbali wa sentimita 15 hadi 20, presha PSI 25 hadi 30, mkono utembee sawasawa, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Tabaka tatu nyembamba, zenye kupumzishwa katikati, zinashinda moja nene inayotiririka. Toeni maji kwenye kompresa kila asubuhi. Saa nzuri ni kuanzia saa nne, umande ukishakauka, hadi kabla ya mawingu ya mchana. Rangi ya NC ikipuliziwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hugeuka ukungu mweupe, na mtu atadhani ni vumbi la mawe.

Kuhusu pesa, msianze kwa kununua kompresa. Kodisheni. Andikeni katika daftari kila kopo, kila karatasi ya msasa, tokeni za umeme, na siku za kazi za kila mtu. Baada ya pikipiki tano mtaona kama kuna faida au mnajifurahisha tu. Kikundi chetu kiligundua kwamba michoro ililipa kuliko rangi yenyewe, na kwamba kibanda kilipokosa pikipiki, wachongaji walikitumia kupaka vanishi sanamu zao.

Jambo la mwisho ni la sheria. Rangi ya pikipiki imeandikwa kwenye logbuku. Mteja akibadilisha nyekundu kuwa buluu, taarifa ni lazima ifike NTSA, la sivyo askari barabarani ana haki ya kuuliza. Na kabla ya kupulizia popote karibu na fremu, bandikeni seloteipu juu ya namba ya chesisi na ya injini. Pikipiki ya tatu ya vijana wale ilitoka ikiwa nzuri sana, namba ya chesisi ikiwa imefunikwa na rangi kabisa, na mwenyewe alikaa nusu siku akiikwangua kwa ukucha na kitambaa cha thina.