Je, Wajua? Mbwa mdogo aliyekomaa bado anafundishika kujisaidia nje

Je, wajua kwamba mbwa mdogo aliyekomaa, kama Chihuahua, anaweza kujifunza kujisaidia nje, pengine kwa wepesi kuliko mtoto wa mbwa? Kibofu chake kimekomaa, hivyo hubana mkojo kwa muda mrefu zaidi. Wapo wasemao mbwa mzima hafunziki, lakini mara nyingi kinachomwangusha ni ratiba ya nyumbani. Kibofu cha mbwa mdogo, hata kikikomaa, hujaa upesi, kwa hiyo atolewe nje mara kwa mara: akiamka, akishakula, akishacheza na kabla ya kulala. Akimaliza haja, azawadiwe palepale, kabla hajarudi ndani.

Wengine hutetea fimbo. Kumchapa, au kumsukumia pua kwenye mkojo, ni ukatili usiofundisha kitu: mbwa haunganishi adhabu na kosa lililokwisha kupita, bali humwogopa mtu na kuanza kujisaidia mafichoni. Palipochafuliwa pasafishwe kwa dawa yenye vimeng'enya, maana harufu ikibaki humrudisha hapohapo. Na mbwa aliyezoea usafi akianza ghafla kukojoa ndani, apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari au ugonjwa wa figo.