Udongo wenye Sumu Unaporudishwa Kazini

London ilipopewa Michezo ya Olimpiki ya 2012, mwezi Julai 2005, eneo lililotengwa kwa ajili ya viwanja halikuwa la kutamanika. Bonde la mto Lea, mashariki mwa jiji, lilikuwa limebeba viwanda, maghala ya mafuta na majaa ya taka kwa zaidi ya miaka mia moja. Hata kifusi cha nyumba zilizopigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia kilimwagwa huko. Mashine zilipoanza kuchimba zilifukua udongo wenye mafuta, lami, sianidi, arseniki na madini ya risasi.

Njia iliyozoeleka katika hali kama hiyo ni kuchimba, kupakia kwenye malori na kwenda kutupa. Inaonekana rahisi mpaka hesabu ifike mezani. Mkandarasi hulipia uchimbaji, usafiri na ada ya dampo lenye leseni ya kupokea sumu, kisha hununua mchanga na kokoto za kujazia shimo aliloliacha. Uingereza imekuwa na kodi ya dampo tangu 1996, na kiwango chake cha juu kilipanda kutoka pauni 24 kwa tani mwaka 2007 hadi pauni 80 mwaka 2014. Udongo uliotoka kwenye ardhi iliyochafuliwa uliwahi kusamehewa kodi hiyo, lakini msamaha ukaondolewa hatua kwa hatua na kwisha kabisa mwaka 2012.

Wahandisi wa Olimpiki waliamua kuutibu udongo papo hapo. Vilijengwa vituo viwili ndani ya eneo, vikabatizwa jina la hospitali za udongo. Humo zilisafishwa takribani tani milioni 2, na zaidi ya asilimia 80 ya udongo wote uliochimbwa ilitumika tena katika eneo lile lile.

Mashine kuu ilikuwa ya kuosha udongo, na siri yake imo katika ukubwa wa chembe. Sumu nyingi hazikai ndani ya kokoto wala mchanga. Hung'ang'ania chembe laini za tope na mfinyanzi, ambazo kwa ujumla wake zina eneo kubwa zaidi la kushikiwa. Kwa hiyo udongo hupitishwa kwenye machekeche, ukapigwa maji kwa nguvu na kusuguliwa, kisha maji huzungushwa kwa kasi ndani ya chombo chenye umbo la pia ili mchanga utengane na tope. Upande mmoja hutoka kokoto na mchanga wa kujengea. Upande mwingine tope hukamuliwa maji hadi kuwa mabamba mazito, na maji husafishwa yakarudi kazini. Ni vizuri kuelewa kwamba hapa sumu haikuharibiwa. Imekusanywa kwenye mabamba hayo, ambayo bado yataenda dampo. Akiba hupatikana kwa sababu mzigo wa kutupa umepungua sana.

Ndiyo maana udongo wa mfinyanzi hauna faida kuoshwa: karibu wote ungegeuka tope. Kwa udongo wenye mafuta kuna njia nyingine, yaani kuulundika, kuupulizia hewa na kuongeza virutubisho ili bakteria wayale mafuta hayo. Metali haziliwi na bakteria, hivyo hufungwa kwa saruji au chokaa zisiyeyuke kwenye maji ya mvua. Hapo vipimo vinahitaji umakini. Madini ya risasi hutulia udongo unapokuwa na alkali ya kadiri, lakini chokaa ikizidi huanza kuyeyuka upya. Kila mchanganyiko hupimwa kwanza maabara kwa kupitishiwa maji, kuona kinachovuja.

Njia ya saruji imefanya kazi kubwa pia Marekani. Bandari ya New York na New Jersey hulazimika kuchimba tope mara kwa mara ili meli zipite, na tope hilo limechanganyika na sumu za viwandani. Eneo la baharini lililokuwa likipokea tope hilo lilifungwa mwaka 1997. Sehemu ya tope ikachanganywa na saruji na kutumika kama tabaka la msingi la maegesho ya magari kwenye duka kubwa la Jersey Gardens mjini Elizabeth, lililofunguliwa mwaka 1999 juu ya dampo la zamani.

Mji wa Grand Junction, katika jimbo la Colorado, unaonyesha gharama ya kuruka hatua ya kusafisha. Tangu miaka ya 1950 hadi 1966, wajenzi walichota bure makapi ya kiwanda cha urani, yaliyofanana na mchanga mzuri, wakayajazia chini ya sakafu na kuyachanganya na zege. Radiamu iliyobaki ndani yake ikawa inatoa gesi ya redoni, inayosababisha saratani ya mapafu, ndani ya nyumba za watu. Bunge la Marekani lilitenga fedha za kuyaondoa mwaka 1972, na kazi iliyoendelea kwa miongo iligusa zaidi ya viwanja 4,000.

London nayo haikuuamini udongo uliotibiwa kwa macho tu. Juu yake kilitandazwa kitambaa cha alama, kisha udongo safi wa angalau sentimita 60, ili mchimbaji wa baadaye ajue amefika wapi.

Upande wa sheria, England na Wales zilipata mwongozo wa kitaalamu mwaka 2008. Mwenye mradi huandika mpango unaoonyesha kwamba udongo hautadhuru afya wala mazingira, unafaa kwa kazi iliyokusudiwa, una mahali mahususi pa kwenda na kiasi chake kinajulikana. Mtaalamu aliyesajiliwa huupitia mpango huo na kutia saini tamko kabla udongo haujatumika. Mkandarasi akisafisha tani nyingi kuliko zinazohitajika, ziada isiyo na pa kwenda huhesabiwa kuwa taka, na malori ya dampo huitwa tena.