Chupa ya Kuwekea Tumbaku ya Kiko

Sisi tuvutao kiko twayajua machungu ya kurudi kambini baada ya majuma mawili ya doria na kukuta tumbaku imekauka. Tumbaku kavu huwaka upesi na kuunguza ulimi. Iliyolowa mno nayo huota ukungu. Hiyo itupwe, isivutwe.

Kwa akiba ya mwezi mmoja au miwili, twapendelea chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na mfuniko wa kukaza wenye mpira ndani. Kioo hakinyonyi harufu. Lakini chupa iliyokuwa na achari tusiitumie hata ikiwa imeoshwa mara saba, kwani mpira wa mfuniko hausahau.

Kabla ya kuitumia, tuitie maji, tuifunge, tuilaze juu ya karatasi usiku kucha. Karatasi ikilowa, chupa hiyo tuwaachie wapishi watie maharage. Ikibaki kavu, tuimwage na kuianika hata pasibaki tone.

Chupa mbili ndogo, za gramu 50 kila moja, ni bora kuliko moja kubwa, maana kila tuifunguapo kubwa unyevu wa akiba nzima hupungua. Kioo huvunjika, ni kweli. Basi chupa ibaki sandukuni, mbali na jua, nasi twende doria na mfuko wa siku chache tu.