Juu ya nini shule zinatafuta wachezaji?



Tangu ile mechi ya mwisho, maneno ni mengi mu internati yetu. Wageni wawili walisimama kando ya kiwanja, wakaandika jina la kipa wetu, na jioni wakapanda kwa wazazi wake. Wamoja wanasema: «Mumuache aende, ni bahati yake.» Wengine wanasema: «Wanatuibia mutu!» Sisi wa kamati ya gazeti hatutaki kugombana na mtu. Tunataka kueleza kwanza jambo hili linakwenda namna gani, maana haliko la Luhwindja peke yake.

1. Mbali sana na kwetu

Huko Marekani kuna mchezo unaoitwa lacrosse. Kila mchezaji anashika fimbo yenye wavu kwenye kichwa, na kwa fimbo ile anadaka na kutupa mpira mdogo mgumu. Ekipe ya wanaume ina watu 10. Wenyeji wa kwanza wa Amerika ndio walioanza kuucheza, kabla Wazungu hawajafika. Jina lake lilitoka kwa Wafaransa, nalo maana yake ni fimbo iliyopindika. Ulichezwa katika Olimpiki za 1904 na 1908, na umepangwa kurudi huko Los Angeles mwaka 2028. Katika Afrika, Uganda ndiyo iliyotangulia kwenda kwenye mashindano ya dunia ya mchezo huo, huko Denver, mwaka 2014.

Shule za binafsi zenye internati kule zinashindana sana kwa mchezo huu. Zinatafuta wachezaji mbali na kuwapa vitanda. Kuna hata vijana waliokwisha kumaliza masomo ya sekondari, lakini wanaingia internati mwaka mmoja zaidi ili wakocha wa univasiti wawaone. Mbio zile zilizidi kipimo: watoto wa miaka 14 walikuwa wanaahidiwa nafasi ya univasiti. Ndiyo maana mwaka 2017 kanuni ilibadilishwa: kocha wa univasiti haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wa lacrosse mbele ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa 11 wa masomo. Kumbe hata kwa watu wenye mali, ilibidi mtoto alindwe.

2. Karibu yetu

Tuje Kenya. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtu wa Irlandi, alifika St. Patrick's, shule ya wavulana huko Iten, kufundisha jografia. Hakuwa amesomea kazi ya kufundisha mbio. Aliijifunza pale pale, kwa kutazama wanafunzi wake. Kutoka shule ile alitokea Peter Rono, aliyeshinda mita 1500 huko Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyeshinda mita 3000 za kuruka vizuizi huko Barcelona mwaka 1992. Rono aliposhinda alikuwa mwanafunzi wa univasiti huko Marekani: miguu ilimfungulia mlango, lakini aliingia ndani ili asome.

Huko Uganda, shule nyingi zinawapa wachezaji bursari. Inayojulikana zaidi ni St. Mary's ya Kitende, karibu na Kampala. Mwenye shule hiyo, Lawrence Mulindwa, aliongoza shirikisho la mpira la Uganda toka 2005 mpaka 2013. Ni yeye pia mwenye klabu ya Vipers, iliyokuwa inaitwa Bunamwaya mpaka 2012, na kiwanja chake kiko hapo hapo Kitende. Kijana anaweza kutoka darasani na kuingia klabu bila kuhama kilima. Ni ngazi nzuri. Lakini ngazi haiwezi kubeba watu wote kwa mara moja.

3. Shule inapata faida gani?

Faida ni jina. Shule ikishinda, watu wanaitaja sokoni na kwenye gari. Mzazi anayetafuta internati anakumbuka lile jina, analeta mtoto wake na minerval kamili. Kwa hiyo mchezaji mmoja asiyelipa anaweza kuvuta wengi wanaolipa. Kusema hivyo si kutukana. Ni hesabu.

Tena mashindano yenyewe si mabaya. Bukavu nani hajui makelele ya watu wa Muungano na wa Bukavu Dawa? Shindano linatuamusha asubuhi kufanya mazoezi. Ubaya unaanza pale mtoto anapohesabiwa kama goli tu: umri wake unapunguzwa kwenye karatasi, pointi zake zinaongezwa bure, na hakuna anayemuuliza kama amefahamu hesabu.

4. Yaliyompata mwenzetu

Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mshambuliaji. Shule moja, hatutaitaja, ilikuja kwa baba yake: «Minerval tutalipa, atalala bure, viatu tutamupa.» Mzee alifurahi, akachinja kuku. Mwaka wa kwanza kijana alicheza vizuri. Mwaka wa pili aliumia goti. Muhula mpya ulipofika, jina lake halikuwa tena kwenye liste ya internati, na baba akaambiwa alipe yote. Alipouliza juu ya ahadi, karatasi haikuwako. Kijana alikwenda kuchimba dhahabu, na goti lile lile bovu. Alirudi darasani mwaka uliofuata, wenzake wakiwa wamemtangulia.

5. Wazazi waulize nini?

Kwanza: ahadi imeandikwa, na prefe ametia sahihi? Pili: mtoto akiumia, nani anamtunza, na kitanda kinabaki chake? Tatu: ataingia darasa gani, lile la bulletin yake ao lingine? Nne: akifika mwaka wa sita, nani atalipa makuta ya Egzamen ya Serikali? Tano: siku ya mechi kule mbali, masomo aliyokosa atayapata lini? Shule yenye nia njema haitakasirika kwa maswali hayo. Ile itakayokasirika imekwisha kujibu.

6. Na sisi je?

Tuseme ukweli. Mwaka jana kijana mrefu alitoka shule nyingine, akaja kwetu kwa ajili ya voleboli. Tulimpigia makofi. Hakuna mmoja kati yetu aliyeuliza alikuwa na karatasi gani, ao kama Kifaransa kinamshinda. Tulipoanza kulia juu ya kipa wetu, ndipo tulimkumbuka. Basi jioni wawili kati yetu wameanza kusoma naye.

Wewe kipa wetu, hatutakufunga kamba. Kaa na wazazi wako, mwulize yale maswali matano, kisha uamue. Ukibaki, lango ni lako. Ukienda na karatasi yenye sahihi mkononi, siku utakapocheza mbele yetu na jezi ya wengine, tutakupigia makelele tu. Lakini goli tutajaribu kukufunga!