Watu Saba na Matumaini ya Chanjo

Mwaka 2009 habari zilienea kutoka Thailand kwamba, kwa mara ya kwanza, chanjo dhidi ya VVU imeonyesha dalili ya kukinga. Watu 16,402 walikuwa wamejitolea. Nusu walichomwa chanjo, nusu sindano isiyo na dawa. Maambukizi mapya yalikuwa 51 kwa waliochanjwa na 74 kwa wenzao, yaani pungufu ya takriban asilimia 31.

Mtakwimu hashangilii upesi. Huanza na dhana ya kikaidi, kwamba chanjo haina kazi yoyote, kisha huuliza: kama ni hivyo, tofauti kubwa kiasi hiki ingezuka kwa bahati tu mara ngapi katika majaribio 100? Jibu likiwa chini ya mara 5, kwa mazoea dhana hiyo hukataliwa. Jibu la Thailand lilikuwa mara 4.

Hata hivyo, hesabu hiyo iliwaacha nje watu 7 waliobainika kuwa na virusi tangu mwanzo. Kuwaacha kulikuwa halali, maana chanjo haiwezi kuzuia lililokwisha kutokea. Lakini walipojumuishwa, jibu lilipanda hadi mara 8. Watu 7 kati ya zaidi ya elfu kumi na sita, na mpaka ukavukwa!

Makosa mawili humvizia mtafiti hapo. La kwanza ni kuona kazi ya dawa isiyokuwepo, kama kipimo cha malaria kinachompa majibu chanya mtu asiye na vimelea. La pili ni kutoiona iliyopo, hasa washiriki wakiwa wachache. Wodini, maneno "hakuna tofauti iliyoonekana" husomwa mara nyingi mno kana kwamba dawa imethibitika haifai.

Mwaka 2016 chanjo ya mfano huo, iliyorekebishwa kulingana na virusi vya kusini mwa Afrika, ilianza kujaribiwa Afrika Kusini kwa watu zaidi ya 5,400. Mapema mwaka 2020, kamati huru iliyokagua takwimu kabla ya utafiti kwisha ilikuta maambukizi 129 kwa waliochanjwa na 123 kwa wenzao. Sindano zikasitishwa.

Je, Thailand palitendeka kosa la kwanza? Huenda. Huenda pia tofauti ya virusi, ya viambato vya chanjo na ya kiwango cha maambukizi ndiyo sababu. Ile 4 katika 100 haikuweza kulijibu swali hilo mwaka 2009, na haiwezi leo.